Jicho kuzimika ghafla bila kuuma: alama za mishipa iliyozibika

Mtu anaamka asubuhi, ananawa uso, na anashangaa: jicho la kushoto halioni. Haliumi. Si jekundu, halitoki machozi, na kwenye kioo liko sawasawa na lile lingine. Jamaa wanamwambia angoje. Labda ni uchovu, labda ni vumbi ya barabara, labda amefikia umri wa kuvaa miwani. Siku ya tatu njo anapanda pikipiki kwenda hopitali, na muganga anayechungulia ndani ya jicho anakuta kazi imekwisha kuharibika tangu siku ile ya kwanza, tena tangu saa zile za kwanza.

Huku Kongo upofu unaojulikana ni ule wa polepole. Mtoto wa jicho anakuja kidogo kidogo kwa miaka. Presha ya jicho, yaani glakoma, inakula pembeni mpaka mtu anaanza kugonga milango. Upofu wa mto, unaoletwa na vidudu ambavyo mainzi madogo ya kando ya maji yenye kasi yanaingiza mwilini, unachukua muda mrefu pia. Juu ya hiyo watu wengi wanafikiri kila ugonjwa wa macho unaweza kungoja mwisho wa mwezi, wakati pesa imepatikana. Ile ya ghafla, isiyouma, haingoji. Mara nyingi ni mshipa wa damu umezibika.

Njia moja, vyumba viwili

Ukiweka vidole polepole pembeni ya koromeo, upande mmoja tu kwa wakati, unasikia mshipa ukipiga. Huo unaitwa karotidi. Iko miwili, kuume na kushoto, na inabeba damu kutoka moyoni kwenda kichwani. Ikishaingia ndani ya kichwa, tawi kubwa la kwanza linalotoka kwake linaenda kwa jicho. Tawi hilo linatoa mshipa mwingine mwembamba sana unaoingia nyuma ya jicho na kulisha retina, ile ngozi laini ya ndani inayopokea mwangaza.

Njo maana jicho na ubongo vina hatari moja. Mafuta yaliyogandamana kwenye ukuta wa karotidi yakipasuka, kipande kinaweza kuchukuliwa na damu. Kikienda kwa jicho, mtu anapoteza kuona. Kikipita na kuendelea juu, anapata kiharusi, ile watu wanaita AVC. Damu iliyogandamana inaweza kutoka moyoni pia, hasa kwa mtu ambaye moyo wake unapiga bila mpangilio, ao mwenye valvu za moyo zilizoharibika juu ya homa ya rumatizimu aliyoipata akiwa mtoto, ugonjwa ambao bado uko mwingi Afrika. Kwa hiyo si wazee tu.

Shirika la moyo la Marekani, American Heart Association, liliandika wazi mwaka 2013 kwamba retina ikifa kwa kukosa damu, hiyo ni aina ya kiharusi. Mwaka 2021 likatoa andiko zima juu ya mshipa mkubwa wa retina unapozibika, likisema mgonjwa huyo apokelewe kwa haraka ileile ya mgonjwa wa kiharusi. Kwa maneno mengine, si mtu wa kutumwa kununua miwani.

Pazia linaloshuka na kupanda tena

Alama ya kuogopa kuliko zote ndiyo ile ambayo watu wanaisahau haraka, kwa sababu inapita yenyewe. Jicho moja linaingia giza. Wagonjwa wengi wanalieleza kwa namna moja: ni kama pazia limeshuka kutoka juu, ao ukungu umefunika. Inakaa sekunde kadhaa, dakika mbili, dakika kumi, kisha kuona kunarudi kama hakuna kitu kilichotokea. Hakuna maumivu. Mama aliyekuwa anauza samaki anaendelea kuuza samaki. Dereva anawasha gari tena.

Waganga wanaita hali hiyo kwa jina la zamani, amorozi fugasi, maana yake giza linalokimbia. Mwaka 1959 muganga mmoja wa mishipa ya fahamu, Charles Miller Fisher, Mkanada aliyefanya kazi Boston, aliandika kitu ambacho wachache wamepata bahati ya kukiona: alichungulia ndani ya jicho la mgonjwa wakati giza lenyewe lilikuwa linaendelea, akaona vipande vyeupe vikipita polepole ndani ya mishipa ya retina, vikisukumwa na damu. Kilipita, kuona kukarudi. Toka hapo haikuwa tena maneno ya kukisia. Kitu kweli kinatoka chini, kinaziba, kinaondoka.

Hatari ni ile ya kipande kinachofuata. Hakuna anayejua kitapita njia gani. Kwa watu waliopata onyo la namna hii, siku zile za kwanza mbili mpaka saba ndizo kiharusi kikubwa kinaweza kuja zaidi kuliko wakati mwingine wowote. Mtu akisema "ilizimika kidogo lakini sasa iko sawa", hiyo "iko sawa" haifuti kitu. Ni wakati wa kwenda hopitali siku ileile, hata kama anaona vizuri kabisa kuliko muganga.

Ni jicho moja ao ni upande mmoja?

Kuna jaribio dogo ambalo halihitaji chombo. Wakati kuona kunasumbua, mtu afunike jicho moja kwa kiganja, aangalie mbele, kisha abadilishe afunike lingine. Kama jicho moja tu ndilo limezimika na lingine linaona uwanja wote, shida iko kwenye jicho lenyewe ao mshipa wake. Kama macho yote mawili, kila moja peke yake, hayaoni upande uleule, kwa mfano nusu yote ya kuume, basi macho ni mazima na shida iko nyuma ya ubongo. Hicho ni kiharusi tayari.

Watu wengi wanakosea hapo. Mtu anasema jicho lake la kuume limekufa, kumbe ni upande wa kuume wa macho yote mawili. Anajulikana kwa kugonga bega moja kwenye milango, ao kuacha nusu ya bugali upande mmoja wa sahani. Jaribio hilo linachukua nusu dakika, na jibu lake linamsaidia muganga sana. Lakini mtu asipoteze saa nzima nyumbani akilirudia. Katika hali zote mbili njia inaelekea hopitali.

Jicho likizimika na lisirudi

Mjerumani Albrecht von Graefe ndiye aliyeeleza kwanza mshipa mkubwa wa retina kuzibwa na kipande kilichotoka moyoni. Ilikuwa mwaka 1859, miaka michache tu baada ya Helmholtz kutengeneza chombo cha kuchungulia ndani ya jicho mwaka 1851. Alichokiona ndicho kinachoonekana hata leo: retina inakuwa nyeupe kama maziwa, na katikati yake kunabaki doa jekundu. Retina imevimba kwa kukosa damu. Pale katikati ni nyembamba, kwa hiyo rangi nyekundu ya chini yake inaonekana.

Saa zinahesabika. Majaribio yaliyofanywa kwa nyani yalionyesha kwamba retina inavumilia karibu saa moja na nusu bila damu kabla ya kuanza kuharibika kwa namna isiyotengenezeka, na ikifika saa nne uharibifu ni mkubwa. Watu wachache wana mshipa mdogo wa ziada unaolisha sehemu ya katikati. Hao wanaweza kubaki na dirisha dogo la kuonea, na mengine yote giza.

Je, kuna dawa? Inabidi kusema kweli. Kukanda jicho, kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi, kutoa maji kidogo ndani ya jicho: vyote vimejaribiwa kwa miaka mingi na hakuna ushahidi mzuri kwamba vinarudisha kuona. Dawa za kuyeyusha damu iliyogandamana zinajaribiwa katika hopitali kubwa za nchi tajiri, ndani ya saa nne na nusu za kwanza, na wataalamu bado wanabishana kama zinasaidia kweli. Katika miji mingi ya Kongo hata ubishi huo hauna nafasi. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza: kama jicho haliokolewi, haraka ni ya nini?

Ni kwa ajili ya kitu kilichobaki. Kwa wagonjwa waliozibika hivyo na kupigwa picha ya ubongo, karibu mmoja kati ya wanne anakutwa na kidonda kipya cha kiharusi ambacho hata hakukisikia. Jicho limelipa kwanza. Ubongo bado unaweza kuokolewa, na jicho la pili pia.

Mishipa inayorudisha damu nayo inaziba

Hii ni ndugu wa ile ya kwanza, ila ina tabia yake. Damu inaingia ndani ya jicho lakini inashindwa kutoka. Mishipa inavimba na damu inamwagika juu ya retina. Mara nyingi mtu anagundua akiamka: jicho moja linaona ukungu, maandishi yanapinda, sura za watu hazionekani vizuri. Si giza kamili siku zote. Wanaoipata zaidi ni wenye tansiyo, wenye sukari na wenye glakoma. Baada ya ugonjwa wa sukari, huu ndio ugonjwa wa mishipa ya retina unaoharibu macho ya watu wengi zaidi. Hapa kuna matibabu, sindano zinazopigwa ndani ya jicho kwa miezi, lakini zinapatikana kwa taabu, na bei yake inashinda familia nyingi. Tansiyo ndiyo ya kukamata kwanza.

Alama zinazoonekana hata kwenye kioo

Kuna alama mbili za nje ambazo watu wanauliza mara nyingi. Ya kwanza ni duara la rangi ya kijivu ao nyeupe linalozunguka ile sehemu ya rangi ya jicho. Kwa mzee wa miaka 70 ni jambo la kawaida, kama mvi. Kwa watu weusi linatokea mapema zaidi kuliko kwa wazungu, kwa hiyo mama wa miaka 55 mwenye duara hilo asikose usingizi. Ila likionekana kwa kijana ambaye hajafikisha miaka 40, ni vizuri apimwe kolesteroli, na aulize kama kwenye ukoo kuna waliokufa na moyo wakiwa bado vijana. Na likiwa kwenye jicho moja tu, hiyo si kawaida: inawezekana karotidi ya upande usio na duara imekuwa nyembamba, na mafuta hayafiki kule.

Ya pili ni vibonge vya manjano, laini, visivyouma, kwenye kope karibu na pua. Ni mafuta yaliyojikusanya chini ya ngozi. Karibu nusu ya watu wenye vibonge hivyo wana kolesteroli ya kawaida, kwa hiyo si hukumu. Hata hivyo utafiti mkubwa wa mji wa Copenhagen, uliofuata watu zaidi ya 12,000 toka mwaka 1976 na kuandikwa mwaka 2011, ulikuta kwamba wenye vibonge walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko wengine, hata ukiweka pembeni kolesteroli yao. Lile duara la kijivu, katika utafiti huohuo, halikuonyesha hatari ya peke yake. Watu wanaogopa duara na kupaka krimu kwenye vibonge. Ingefaa kuwa kinyume. Krimu za sokoni hazitoi mafuta hayo, na kuzitia karibu na jicho ni kutafuta ugonjwa mwingine.

Alama zingine zinaonekana na muganga peke yake. Jicho ndipo mahali pa mwili ambapo mishipa ya damu inaonekana wazi bila kupasua ngozi. Tansiyo ya miaka inaacha maandishi yake pale: mishipa imekuwa myembamba, inang'aa kama waya wa shaba, inakandamiza ile mingine mahali inapopishana. Toka mwaka 1939 waganga wanatumia ngazi nne kupima uharibifu huo, na anayefika ya nne, pale mshipa mkubwa wa kuonea umevimba, hapana kurudi nyumbani siku hiyo. Wakati mwingine muganga anaona punje ndogo ya manjano inayong'aa mahali mshipa unapogawanyika. Ni kipande cha kolesteroli kilichotoka shingoni ao kwenye mshipa mkubwa wa moyo. Robert Hollenhorst wa kliniki ya Mayo ndiye aliyeieleza mwaka 1961. Mwenye punje hiyo anaweza kuwa anaona vizuri kabisa.

Kichwa cha mzee na damu ya kijana

Mtu aliyepita miaka 50 akianza kuumwa kichwa kipya kwenye panja, ngozi ya kichwa inauma akichana nywele, taya linachoka akitafuna nyama, kisha jicho linaanza kukatikakatika, kuna ugonjwa wa kuvimba kwa mishipa ambao unaweza kuzima jicho moja na, ndani ya siku chache, la pili. Hauko mwingi kwa Waafrika, lakini ukikosa kutambuliwa unaacha mtu kipofu kabisa. Una dawa, kortizoni kwa kipimo kikubwa, na muganga anaianza bila kungoja majibu yote ya maabara.

Upande wa vijana, huku Kongo kuna jambo la SS. Nchi hii ni kati ya zile zinazozaa watoto wengi zaidi duniani wenye ugonjwa huo wa damu. Chembe za damu zinapinda na kukwama kwenye mishipa midogo, ya jicho pia. Mtoto wa SS akisema haoni vizuri, ao akigongwa na mpira kwenye jicho na damu ikaonekana mbele ya mboni, apelekwe mara moja. Kwake kitu kidogo kinaweza kupandisha presha ya jicho na kulikata damu.

Si kila giza ni mshipa

Cheche za mwangaza, madoa meusi mengi kama mainzi, kisha kivuli kinachopanda kutoka pembeni: hiyo inaweza kuwa retina inabanduka, nayo ni ya haraka. Jicho linalouma sana, jekundu, pamoja na kutapika na kuona duara za rangi kandokando ya taa: presha ya jicho imepanda kwa ghafla.

Macho mawili yakizimika pamoja, kuna maswali mengine ya kuuliza. Mgonjwa alipewa kinini? Kipimo kikubwa cha kinini kinaweza kuleta mlio masikioni na kisha giza kwa macho yote, na huku ambako kinini kimetumika miaka mingi juu ya malaria, kuna watu wanaoongeza vidonge vyao wenyewe wakiona homa haishuki. Alikunywa pombe kali ya kupikwa ao ya chupa isiyojulikana? Pombe yenye metanoli inaua mishipa ya kuonea ndani ya siku moja ao mbili, na inaua mtu pia. Na kwa mwenye sukari, kuona ukungu kunaweza kuwa sukari imepanda ao imeshuka sana; kipimo cha tone la damu kwenye kidole kinajibu mara moja.

Pa kwenda, na vya kuacha

Waganga wa macho ni wachache na wengi wao wako kwenye miji mikubwa. Mtu wa kijijini hapaswi kumngoja muganga wa macho anayepita mara moja kwa miezi. Aende kwenye hopitali ya karibu ambako wanaweza kupima tansiyo, sukari, na kusikiliza moyo. Huko njo kazi ya kwanza inafanyika. Kama kuna mdomo uliopinda, mkono usioinuka ao maneno yanayokwama, hakuna tena swali la jicho. Ni kiharusi.

Asitiwe kitu ndani ya jicho. Utomvu wa majani, maji ya sukari, mkojo, matone yaliyobaki ya jirani: mshipa uliozibika uko nyuma kabisa na hakuna tone linaloufikia, ila sehemu ya mbele ya jicho inaweza kuungua na kuoza. Asimeze vidonge vya tansiyo vingi kwa mara moja ili "kuishusha". Tansiyo ikianguka kwa ghafla, damu kidogo iliyokuwa inapita bado inakosa nguvu ya kupita. Aspirini nayo inasaidia wengi baada ya onyo la namna hii, lakini uamuzi ni wa muganga, kwa sababu kiharusi kingine kinatokana na damu inayovuja, na huyo aspirini inamzidishia.

Baada ya hapo muganga atatafuta kitu kilikotoka. Moyo unapimwa. Mshipa wa shingo unaweza kuangaliwa kwa ekografi, kipimo kilekile wanachofanyia mama wajawazito. Uchunguzi mkubwa ulioandikwa mwaka 1991 Marekani ya Kaskazini ulionyesha kwamba mtu aliyepata onyo na ambaye karotidi yake imefungika kwa asilimia 70 ao zaidi anafaidika na upasuaji wa kuusafisha, na ukifanyika ndani ya wiki mbili ni bora zaidi. Kwa wengi wa Kongo upasuaji huo uko mbali, ng'ambo ya mpaka ao ng'ambo ya pesa. Kinachobaki mkononi ni dawa za kila siku: za tansiyo, za sukari, za kolesteroli, na kuacha tumbako. Pamoja na hizo, makayabu yaloweshwe vizuri na maji yake yamwagwe, na chumvi isirudishwe kwenye sombe.

Ugumu mkubwa uko kwenye dawa za tansiyo. Mtu anazimeza mwezi mmoja, kichwa kinaacha kuuma, anaziacha mpaka kichwa kirudi. Tansiyo haina desturi ya kupiga hodi. Mshipa wa retina unaharibika kimya, na mtu anajisikia mzima.

Anayempeleka mgonjwa achukue karatasi na aandike vitu vichache kabla ya kuondoka nyumbani: ni saa ngapi alionekana mzima kwa mara ya mwisho, ni jicho gani, giza lilikaa muda gani na kama lilirudi, kama liliwahi kutokea mbele, na majina ya dawa zote anazomeza, hata zile za kununua farmasi bila karatasi ya muganga. Maboksi ya dawa yenyewe yawekwe kwenye mfuko. Mgonjwa asiendeshe pikipiki mwenyewe.